Baba Yetu Eladio Monteagudo na Ufito wa Gari la Basilio

Baba,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ambayo hukuamka. Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Machi. Mama alikuletea kahawa saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, akaiweka dirishani, akakugusa bega, kisha akatuita. Ulikuwa na miaka sabini na minne. Watu wa mji wetu wa Placetas wenye kipaji cha maneno mazuri walikwisha kuyasema siku ya mazishi. Sisi tunaandika tunayoyajua.

Ulikuwa fundi kabureta kwa miaka arobaini na mmoja. Magari uliyotengeneza yalikuwa ya rika lako, mengine yakikuzidi kidogo, na kila siku yalipakia abiria wa kwenda mji wa Santa Clara yakarudi. Miwani yako uliifunga kwa uzi wa kuvulia samaki. Mikono uliinawa kwa sabuni na sukari, na Mama akawa anaificha sukari. Hukuwa msemaji. Wateja wapya walidhani umewakasirikia, na hukujishughulisha kuwaambia vinginevyo.

Kilichokukera ni gari kuletwa likiwa la moto.

"Liache hapa. Nitaliangalia kesho," ulikuwa ukisema.

"Mzee wangu, tangu alfajiri nalipasha moto ili usipate shida!"

"Ndiyo maana nakwambia liache."

Ulitaka injini ipoe kabisa. Kesho yake ulifungua mfuniko wa chujio la hewa, ukamwambia dereva akanyage mafuta mara moja tu, ukainama kutazama kile kilango kidogo cha choki, kinachobana hewa injini ikiwa baridi, kikijifunga. Injini ikiwaka, kilango kiachie upenyo mdogo. Injini ikipata moto, kisimame wima, hewa ipite. Kisiposimama, gari linakunywa petroli kupita kiasi, linatoa moshi mweusi, linazimika mlimani. Ulitufundisha hayo mimi, Yamila, na ndugu yangu Osmel mezani, kwa kijiko na mdomo wa kikombe, na mpaka leo mimi ni mwalimu wa hesabu ninayejua kwa nini gari linakohoa.

Kuna jambo moja ambalo hukupenda lizungumzwe nyumbani. Tumemuuliza Mama, akasema liandikwe.

Miaka saba iliyopita, Basilio Crespo alikuletea gari lake la mwaka 1953. Moshi mweusi, harufu ya petroli, abiria wanashuka macho yamewavimba. Wiki mbili kabla yake, ulipokuwa Camagüey kumuuguza shangazi Edelmira, Basilio alikuwa amelipeleka kwa Hermes Portal, yule fundi mwingine wa kabureta, mwenye banda karibu na reli. Hermes alikuwa ameifungua kabureta yote, ameisafisha na kuifunga upya. Gari halikupona.

Uliikagua pale pale kwenye kituo cha magari ya abiria, mbele ya madereva. Ukakuta boya, lile linalopima mafuta ndani ya kabureta, limekaa juu kidogo kuliko ulivyozoea kuliweka wewe. Ukanyoosha mgongo, ukafuta mikono, ukasema, "Aliyefanya kazi hii asishike tena kabureta ya mtu."

Maneno kumi hayatimii. Lakini wewe ulikuwa mtu asiyesema, kwa hiyo uliposema yalibebwa. Ndani ya mwezi mmoja hakuna dereva aliyepeleka gari kwa Hermes. Alikaa bandani mwake akisubiri, kisha akaanza kuziba pancha za baiskeli. Mkewe, Nereida, aliacha kumsalimia Mama kwenye foleni ya mkate. Mama alikuambia. Ulisema fundi mbaya hana wa kumlaumu.

Wewe ulilishusha boya, ukapunguza mafuta, gari likawa na nafuu. Ilidumu miezi mitano. Kisha Basilio akarudi, moshi ule ule.

Siku hiyo ulikuwa peke yako bandani. Ulifanya kila kitu kwa utaratibu wako. Gari baridi: kilango kikajifunga vizuri. Likawaka. Ukaweka kioo kidogo juu ya kabureta, ukakaa kwenye ndoo, ukangoja injini ipate moto. Kilango kilianza kufunguka, kikafika zaidi kidogo ya nusu, kikakwama. Ukaupapasa ule ufito mwembamba wa chuma unaokivuta. Ulikuwa umekunjwa. Kidogo tu, kama kucha. Na kwenye mkunjo palikuwa na alama mbili za koleo, moja ndefu na moja fupi, kwa sababu koleo lako lilikuwa limevunjika jino.

Ndipo ulipokumbuka. Januari ile, kabla hujaenda Camagüey, ulimfungia Basilio chujio la hewa lililotoka kwenye gari jingine. Mfuniko ulikuwa unagusa ufito. Ukaukunja upishe, ukaondoka. Ubovu ulikuwa wako tangu mwanzo. Hermes alipokea gari likiwa tayari bovu.

Uliunyoosha ufito. Kilango kikasimama wima, moshi ukaisha. Mama anasema uliingia jikoni bila kunawa, ukakaa, ukamweleza yote.

"Nani mwingine ameona?" akakuuliza.

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi nimeona mimi, Migdalia."

Mama anakiri leo kwamba alitamani unyamaze. Jina lako ndilo lililokuwa linatulisha, na Osmel alikuwa na mtoto njiani. Alikupashia moto wali na maharage meusi, hukula.

Ulikaa na jambo hilo siku tatu. Tunajua ni tatu kwa sababu siku zote hizo hukufungua banda, na uliwaambia watu kiuno kinakuuma. Jumatano ukavaa shati lililopigwa pasi, ukamwomba Basilio ufito ule, ukamwekea mwingine, ukatembea kwa miguu hadi relini.

Yaliyotokea huko tumeyapata kwa Hermes mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti, gurudumu la baiskeli mapajani. Hakuinuka.

"Umekuja na pancha?" akakuuliza.

"Nimekuja kukwambia nilikosea. Ufito wa choki niliukunja mimi. Kazi yako ilikuwa safi."

Hermes aliendelea kusugua mpira kwa msasa. Kisha akasema, "Nilijua umekunjwa. Nilimwambia Basilio: huu ni mkono wa Eladio, siugusi, akirudi mwambie auangalie mwenyewe. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Aliogopa utanuna. Watu wote wanaogopa utanuna."

Akaendelea, "Sasa sikiliza, Eladio. Leo hapa tuko mimi, wewe, na kuku wa Nereida. Siku ile uliponisema walikuwepo watu kumi na wanne. Nimewahesabu mara nyingi. Hao kuku hawatanirudishia kitu."

"Unataka nini?"

"Jumamosi, saa mbili asubuhi, kituoni. Usinifuate hapa tena."

Ulirudi nyumbani ukalala mchana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Jumamosi Osmel alikusindikiza. Ulikuwa umeweka ufito kwenye mfuko wa shati. Kituo kilikuwa kimejaa, magari manane yamefunguliwa milango, madereva wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya bati. Hermes alisimama upande wa pili wa barabara, mikono nyuma. Ulianza kusema, sauti yako ikatoka ndogo.

"Paza sauti!" Hermes akaita. "Toribio yuko nyuma kabisa, hasikii!"

"Nasikia vizuri sana," Toribio akajibu, "lakini rudia, babu, ni tamu!"

Wakacheka. Osmel anasema masikio yako yaliwaka mekundu. Ukarudia kwa sauti ya padri kanisani. Ukasema gari la Basilio uliliharibu wewe, kwamba Hermes aliliona kosa ukashindwa kuliona wewe, na kwamba ulilosema juu yake lilikuwa uongo. Ukautoa ufito ukampa dereva wa kwanza, naye akampa wa pili. Ufito ukazunguka kwa wote. Wengine walitania: "Kumbe hata Eladio hukunja!" Wengine walizipapasa zile alama mbili kwa kidole. Ulipomfikia Basilio, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hermes akavuka barabara. Hakukukumbatia, wala hakukupa mkono. Alimwambia Basilio, "Na wewe, kinywa chako hufunguka wakati wa kula tu?" Kisha akarudi kwake.

Haikutosha siku moja. Madereva waliendelea kuja kwako kwa mazoea, na wewe ukaendelea kuwarudisha. "Nenda kwa Hermes." Wakinuna, ulinuna zaidi. Mwaka ule tulikula mihogo mingi kuliko kawaida. Mwaka uliofuata banda la relini lilikuwa na foleni, na Nereida akaanza kumsalimia Mama, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa maneno. Wewe na Hermes hamkuwa marafiki. Mlisalimiana kwa majina kamili.

Kisha mikono yako ikaanza kutetemeka. Daktari alituambia haitatulia tena. Bisibisi ilidondoka, ukaacha kuiokota. Ulikaa barazani ukitazama barabara, na magari yalipopita uligeuza kichwa kidogo upande wa sikio lililobaki likisikia vizuri.

Alhamisi moja Hermes alikuja na beseni, ndani yake kabureta imefunikwa kitambaa. Akasema imemshinda. Mimi nilikuwepo, hata mimi niliona haijamshinda. Uliivuta karibu, ukaipapasa, ukamwambia boya limechoka. Alhamisi iliyofuata alikuja na nyingine. Alikuja hivyo miezi kumi na mmoja.

Mara ya mwisho ilikuwa tarehe ishirini na tisa Februari. Ilikuwa imebaki kazi moja, kupachika kibanio kinachoshika ufito wa choki, kitu kidogo kama punje ya mchele. Hermes alikiweka kati ya vidole vyako. Mkono ukatetemeka, ukakosa, ukakosa tena. Ukataka kumrudishia. Hakukipokea. Aliweka kiganja chake chini ya kiganja chako, akauinua polepole mpaka ukatulia, akangoja. Ukakipachika mwenyewe.

"Kimeingia," ulisema.

"Kimeingia, Eladio Monteagudo," akakujibu, na hakuuondoa mkono wake.

Baada ya siku tisa ulikuwa umekwenda.

Unakumbukwa na mkeo Migdalia; wanao Yamila na Osmel; mkwe wako Dunia, mke wa Osmel; mjukuu wako Leandro; dada yako Edelmira wa Camagüey; Basilio Crespo, Toribio na madereva wote wa kituo; pamoja na Nereida na Hermes Portal.

Misa itasomwa Jumapili saa tatu asubuhi. Baada ya hapo karibuni nyumbani kwa chakula.

Maadamu tupo, Baba, utakuwa mawazoni mwetu.