Kaka Yako, Niliyelala Naye Chumba Kimoja

Bweni, Mafia

Mke wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na binti yetu Rukia, na presha ya mama yako iwe imeshuka tangu matanga yaishe. Mfikishie shikamoo yangu, ingawa ukimaliza kusoma huenda usitake nimwamkie. Mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nakwea minazi.

Kwenye simu uliniomba nikuandikie habari za kaka yako Hamisi ili mama asomewe. Ulisema, "Baba Rukia, andika kila kitu. Alikuwa akicheka nini, akipenda kula nini, jioni akikaa na nani." Nimekaa na kalamu siku nne. Sina cha kuandika, Zuhura. Miaka mitatu tumelala chumba kimoja, mkeka wangu na wake, na sijui alikuwa akicheka nini.

Najua nilichokuwa nikifanya mimi. Nilikuwa nasubiri. Kila siku niliivuta kama ndoo ya kisimani, itoke tu niivute nyingine. Na wewe ulinisaidia, usijitoe. Tukipigiana simu hatukuwa na mazungumzo ila "bado miezi minane", "bado sita". Mafia kwangu ilikuwa mahali pa kungojea kurudi kwetu Lindi. Hamisi aliongea kando yangu, nami nikamwitikia "mm".

Sasa nikwambie nililokudanganya. Nilisema nazi zilidondoka zenyewe. Hazikudondoka, niliziangua mimi.

Sisi wakwezi tuna utaratibu wetu. Aliye juu, kabla ya kukata kole, lile shada zima la nazi, humwita aliye chini kwa jina, kisha hungoja. Aliye chini husogea mbali ndipo huitikia. Asipoitikia, hukati, hata miguu ikufie ganzi huko juu. Hamisi aliitikia kila mara kwa miaka mitatu. Siku ile nilimwita na panga likashuka papo hapo. Sikungoja. Nilikuwa nawaza mabati ya nyumba yetu, tuyapake rangi gani. Yeye alikuwa ameinama anafunga pakacha, na kole zima likamshukia shingoni. Nilipofika chini alikuwa keshakata roho. Hakutaja jina lako. Hilo nalo nililitunga, kwa sababu ulikuwa unalia na nilitaka unyamaze.

Nilidhani hakuna baya zaidi ya hilo. Siku ya tatu baada ya maziko akaja mwanamke anaitwa Mwanaidi, mjane anayeuza vitumbua njiani kuelekea shambani. Hamisi na mimi tulinunua kwake kila asubuhi, na nilipomwona mlangoni nilimwuliza yeye ni nani. Alinitazama kwanza.

"Mimi ndiye uliyepaswa kuja kumposea Hamisi," akasema. "Alituambia amekutuma wewe, maana huku hana mkubwa mwingine. Na akasema umekubali."

Nikamwambia sina habari hiyo.

"Baba yangu alivaa kanzu akakaa barazani Ijumaa ile, tangu watu walipotoka msikitini mpaka alasiri. Mimi nilipika pilau, likaliwa na majirani. Hamisi akaja kutuomba radhi. Akasema, shemeji amechoka, kazi yao ni nzito, mtuwie radhi mpaka Ijumaa nyingine."

Ijumaa hiyo nyingine ndiyo tuliyomzika.

Aliniambia, Zuhura. Nimekumbuka baadaye. Tulikuwa tunafua nazi, tunazitoa makumbi, akasema maneno mengi kwa haya, nami nikajibu, "Sawa, tutakwenda." Ijumaa yenyewe nililala mchana kutwa ili siku iishe. Wala hakunigombeza. Au labda alinigombeza, nami nikamwitikia "mm".

Sasa niko macho. Naita na nangoja mpaka mwenzangu mpya ananiona mzito. Najua jogoo wa jirani anachechemea, najua chai ya hapa hutiwa mdalasini. Nayajua sasa, wakati hayanifai kitu, na nachukia kuyajua. Jumatatu nakwenda kituo cha polisi kueleza upya, maana nao niliwapa uongo ule ule. Wakiniachia nitakuja Lindi nisimame mbele ya mama. Wakinishika, utakuwa umeyasikia kwangu kabla ya kwa watu.

Nisalimie baba mdogo Seif, na shangazi yangu Bi Tatu aliyenilea, umwambie dua zake nazihitaji. Nisalimie mwalimu wa madrasa wa Rukia. Rukia mwenyewe usimpe hesabu ya siku za kurudi kwangu. Muulize leo amecheza nini, na umsikilize akikujibu.

Kuhusu ulichoniomba, nilikwenda kwa Mwanaidi nikamwomba aandike yeye. Hakunikaribisha ndani, lakini aliandika. Karatasi zake sita, mbele na nyuma, zimo ndani ya bahasha hii. Nilimwuliza kama naweza kuzisoma, akasema hapana, hizo ni za mama yake Hamisi na dada yake. Basi msomee mama hizo kwanza. Halafu, akishamjua mwanawe alivyoishi huku, msomee na hii yangu.

Mumeo,
Baba Rukia