Jina la Mjomba Kobelo

Tunduma, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hapo umeshaitikia marahaba kwa sauti na kuku wamegeuka kukuangalia. Mgongo unaendeleaje? Na yule mbuzi wa maziwa amekubali kukamuliwa, au bado anakupiga mateke? Mimi mzima. Baridi ya huku ni kama ya kwetu Mgeta, ila ya huku ina vumbi. Kazi ni ileile ya kuziba pancha za malori. Foleni ya mpakani ikirefuka, madereva wanalalamika na sisi tunakula.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, halafu nyumba nzima inanijibu. Haya ni ya kwako peke yako. Vaa ile miwani, kaa jikoni, usome kabla wengine hawajarudi kutoka shamba.

Habari za rufaa nimezipata. Siku jaji alipowaachia kaka Deo na Pius wa mama mkubwa, niliweka spana chini nikalia mbele ya madereva, nikidhani yameisha. Sasa Jamhuri imekwenda Mahakama ya Rufani, na mwezi ujao wote wawili wanatakiwa Morogoro mjini. Wanasheria wa Serikali wanasema jaji alikosea, kwamba mke wa mjomba aliwaona vizuri wakitoka kwenye njegere asubuhi ile mjomba Kobelo alipokatwa mapanga. Jaji yeye alisema ukungu ulikuwa mzito, alichokiona yule mama ni koti la njano kama la Deo, na koti si uso. Ukungu wetu unaujua, mama. Mara ngapi umeniita Deo nimesimama mbele yako na ndoo?

Lakini mke wa mjomba simlaumu. Kaka alimfokea mjomba nje ya kanisa, watu wakasikia. Mjomba alitaka shamba la bondeni awaachie watoto wake wa kuzaa, kaka akasema ni la ukoo, ni letu sisi wapwa. Mwanamke akishasikia maneno yale, halafu wiki hiyohiyo akamkuta mumewe amelala kwenye matuta, kila anayepita kwenye ukungu atakuwa Deo. Naamini hakudanganya. Alisema alichokuwa anakiogopa.

Sasa hili la jina. Matanga ya mjomba yamesimama tangu kesi ianze, na umeniambia wazee wa ukoo wanataka yaishe kabla ya rufaa, na jina la mjomba nirithishwe mimi. Na wewe umekubali. Ulisema, "Njoo ulichukue mwanangu, Deo akirudishwa ndani tusije tukabaki bila Kobelo." Siku ile sikula.

Unakumbuka mjomba mwenyewe alivyolirithi kutoka kwa kaka yake bibi? Kuanzia siku ile bibi akawa anamwita kaka mwanawe wa kumzaa. "Kaka, hebu niletee kuni." Sisi tunacheka mpaka tunajificha nyuma ya zizi. Bibi hakucheka hata siku moja, kwake kaka yake alikuwa amerudi. Na mjomba alishaonyesha zamani nani atamfuata. Deo alimpa jembe lake la kusafishia mfereji. Mimi aliniambia nikatafute kazi mjini, mikono yangu ni ya kushikia redio.

Nikilichukua mimi, majaji watabakiwa na kazi gani? Kuanzia huko juu mpaka sokoni Mlali watu watasema Deo nyumba yake imeshamhukumu. Na Deo unamjua. Ataendelea kukukatia kuni huku akijua mama yake ameona heri ajitafutie kaka mwingine. Mimi hilo siliwezi, mama, hata ukinikasirikia.

Utaniuliza kama nina hakika naye. Sikuwepo. Wewe hukuwepo, na hao majaji hawakuwepo. Ila jioni ile alipotoka gerezani aliazima simu akanipigia. Nilitegemea alie, au aombe nauli. Akaniuliza, "We Kosmasi, maji ya mjomba siku hizi nani anayafungua?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi njegere za yule mama zitakuwa zimekauka." Hayo tu, akakata. Na wewe mwenyewe umenisimulia kwamba kila alfajiri anafukua mfereji mpaka bondeni, na mke wa mjomba hamsalimii, lakini maji anayapokea. Shamba lenyewe amesema mbele ya padri kwamba watoto wabaki nalo. Mtu huyo mimi namwamini.

Naogopa, sikufichi. Kosa lile adhabu yake si miaka, ni kamba. Nikiwa chini ya lori nawaza hivyo mpaka natoboa tairi zima. Ndiyo maana nakuomba apewe jina kabla ya siku ya mahakama, si baada. Wakimwachia atapanda mlima akiwa Kobelo. Wakimrudisha ndani, tutakwenda gerezani kumwona Kobelo, na wewe utamwita kaka kupitia nondo za dirisha, askari washangae wanavyotaka.

Matanga nakuja. Tajiri wa gereji ameniruhusu, baada ya kunung'unika kidogo. Nitashuka Mlali na gunia la mchele wa Kyela, na gari lisipokuwepo nitaomba punda. Nitapika, nitachota maji, nitakaa mahakamani siku nzima kwenye benchi na wewe. Ila kwenye mkeka wa kurithi hamtaniona.

Msalimie mama mkubwa, mwambie kitenge chake cha Zambia nimekitunza. Pius mwambie ajikaze, na anyoe zile ndevu kabla majaji hawajamwona. Watani wetu waandae kejeli zao za matanga, mwaka huu nina majibu. Mke wa mjomba mpelekee shikamoo yangu mlangoni kwake, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Asipofungua, iache hapo na mafungu mawili ya magimbi.

Kaka Deo naye umpe shikamoo. Atashangaa, maana tangu utotoni salamu yetu ni "oya" tu. Mwambie si ya kaka, ni ya mjomba. Halafu usiondoke hapo, msubiri mpaka aitikie.

Ni mimi, mwanao wa mwisho,
Kosmasi