Gamba Bado Hana Sura

Jumamosi. Mvua imeanza kabla sijaamka, na nguo za jana bado mbichi kwenye kamba. Mtaa wote wa Pasua ni tope. Nimekaa na chai iliyopoa.

Leo ilikuwa siku ya kummaliza Gamba.

Mnaofuata kitabu changu cha katuni hapa mnamjua: jitu lililovaa chuma kuanzia utosini hadi vidoleni, linalochoma mashamba ya kahawa na kuacha watoto wakilia njiani. Haika, shujaa wangu, amemfukuza kutoka migombani hadi kwenye mawe ya juu kabisa. Mkuki wake umevunjika, mkono mmoja haunyanyuki tena, lakini amemkalia Gamba kifuani na nyundo iko hewani. Kofia ya chuma ina ufa. "Mpasue dada, usimwonee huruma!" ameniandikia mmoja wenu.

Nilikuwa nimekubali.

Kabla sijagusa kalamu, baba mdogo akapiga hodi. Ametoka Masama na mvua yote hiyo, koti linachuruzika. Hata hajakaa, ameshaanza kutania michoro niliyobandika ukutani.

"Mama, unalalaje na watu wabaya hivi? Huyu wa madebe ndiye mkwe wetu?"

"Huyo ni adui, baba mdogo."

Akasogea karibu. Akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Mbona anatembea kama kaka?"

Nikatazama. Bega la kushoto limeshuka, kama mtu aliyebeba ndoo. Nikatazama ukurasa mwingine, na mwingine. Kila mahali, bega lile lile.

"Utotoni tulimwita Mizani Mbovu," akasema taratibu. "Alikuwa anatukimbiza kwa mawe."

Kaka yake ni baba yangu. Aliondoka nikiwa darasa la tano, akaenda kuanzisha nyumba nyingine Tanga, na mama akamngoja mpaka tukamzika. Msibani kwa mama, baba hakuja. Nilikuwa najisifu kwamba nimemsahau.

Mkono wangu haukuwa umemsahau.

Baba mdogo akatoa mfukoni jani la isale, limefungwa fundo. Wasomaji wangu wa mbali, isale ni mmea wa kawaida tu, tunaupanda kuzunguka kihamba, shamba la ukoo. Lakini aliyekukosea akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na kwetu huo haukataliwi. Sijawahi kusikia mzazi akimpelekea mtoto.

"Amerudi. Yuko nyumba ya bibi yako, hata uji haupiti. Amenituma."

"Na nikikataa?"

"Mimi nimeleta tu, mama. Sirudi nalo."

Akanywa chai, akaondoka. Jani likabaki mezani, karibu na wino.

Nimejaribu kurudi kwenye ukurasa. Nyundo ishuke, kofia ifunguke, halafu ndani yake nichore nini? Nimefumba macho nikimtafuta baba. Nimepata bega, harufu ya sabuni ya mche, mgongo wake ukishuka njia ya mtoni. Uso sijaupata. Labda ndiyo maana nilimvika chuma mtu huyu tangu ukurasa wa kwanza. Nilidhani ninachora hasira.

Nimelia, nisiwafiche.

Wengine mtasema nimebarikiwa kwa kuombwa msamaha. Mama hakuombwa. Ndicho kinachonikaba: mimi napokea jani la deni ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mama, na yeye yuko chini ya migomba, hawezi kusema ndiyo wala hapana.

Ukurasa wa mwisho msiungoje wiki hii. Haika amebaki na nyundo hewani, na simlaumu.

Asubuhi napanda Masama, mvua iwepo isiwepo. Sijasamehe. Naenda kabla hajafa, nimwone usoni. Nikiingia itanibidi nimwamkie, maana mtoto haingii kwa mzazi akiwa kimya. Shikamoo, baba. Maneno mawili. Tangu jioni nayajaribu peke yangu humu chumbani, na la pili halitoki.