Weusi wa Paa Langu

Jumatatu, 8 Agosti 1983
Nimetoka kazini, nimewasha jiko, nimeteka maji ya tangi la mvua. Yana utelezi tena. Ni hiyo kuvu ya paa. Nyeusi, pembeni kijani, imefunika vigae vyote. Shemeji, ndugu wa marehemu mume wangu, ametuma ujumbe kutoka Kisumu. Anakuja Jumamosi. Anasema paa limeoza, niuze nyumba, nirudi bomani kwa wakwe. Hasira. Ugali umeungua.

Jumanne, 9 Agosti
Fundi amekataa kupanda. Eti kuvu imekula vigae, dawa ni mabati tu. Sitaki mabati. Nitapanda mwenyewe. Jirani yangu Mama Jebet amecheka, kisha akaenda kuniletea ngazi.

Jumatano, 10 Agosti
Mvua. Siku nzima mvua. Naogopa.

Alhamisi, 11 Agosti
Jua! Nimeomba ruhusa kazini. Kwanza nimechomoa paipu ya tangi, dawa isiingie maji ya kunywa. Dawa ya kung'arisha nguo kwa ndoo, brashi ya sakafu, kamba kiunoni. Mama Jebet ameizungusha kwa mti, ameshika mwisho. Nikapaka, nikangoja, nikasugua. Kigae cha kwanza: chekundu! Miaka minne naishi chini ya paa jekundu na sijui. Nikakigonga. Kizima. Cha pili, kizima. Nikawa kama mtoto. Hapo nikateleza. Kamba ikanibana mbavu, goti likachunika. Mama Jebet akaniambia nishuke, inatosha.
"Siwezi sasa," nikamwambia. "Angalia hiyo rangi."

Ijumaa, 12 Agosti
Nimemaliza! Watu wanasimama barabarani kutazama. Mikono inawaka, moyo unaruka. Jioni mvua imesuuza dawa. Paipu nitarudisha ikinyesha tena.

Jumamosi, 13 Agosti
Shemeji amechelewa. Alipita hapa mara mbili akitafuta paa jeusi. Nimecheka mbele yake, sikuweza kujizuia. Amezunguka nyumba, mikono nyuma. Lakini baada ya chai akaanza tena: niuze, mwanamke hakai peke yake hapa Yamumbi.
"Shemeji, nakuheshimu," nikasema. "Lakini nyumba siuzi. Nyumbani kwangu ni hapa."
Akasogeza kikombe, akaomba chai nyingine.

Jumapili, 14 Agosti
Shemeji amerudi Kisumu asubuhi. Tumeagana vizuri. Baada ya kanisa nimekaa kwa nyasi na Mama Jebet, tukimenya njegere. Wingu limepita. Rangi ya paa imekolea kivulini, halafu wekundu ukarudi.