Tanga la Jua na Macho ya Babu Yako

Nassoro,

Huna haya. Nimekulea mimi tangu mama yako alipokufa akikuzaa, nimekuogesha mimi, kwa hiyo nina haki ya kuanza hivi. Salamu utazikuta mbele, kama zitakuwepo.

Furushi lako limefika siku ya hitima ya arubaini ya babu yako. Watu wameketi mkekani, wali uko motoni, mara tarishi anaingia uani na mzigo wa Ulaya. Nikasema moyoni, mjukuu ameleta rambirambi. Nafungua, nakuta rola tatu za ile karatasi yako ing'aayo kama kioo, picha iliyokatwa gazetini, na barua ya mistari minne. Poleni kwa msiba. Tafadhali Juma, mwanafunzi wa babu, azikague kama alivyokuwa akizikagua mwenyewe, ili kazi isisimame.

Kazi isisimame! Babu yako amesimama, kazi yako isisimame.

Nilikuwa nikikuita mume wangu, na babu yako akikuita mpinzani wake. Leo sikuiti hivyo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizofunzwa ngumbaru na uzee wangu huu, na kabla ya kuitia posta naisoma barazani, kipande kwa kipande, mbele ya wote wanaokusifu hapa Msambweni. Sitaki mtu aseme nyanya amekutukana kisirisiri.

Unaukumbuka uga wetu? Tanga jipya lilifungwa baina ya ile minazi miwili, jua la utosi, na babu yako akalala chali mkekani chini yake akilitazama jua kupitia kitambaa. Hakuna tanga lililotoka mikononi mwake kabla hajalipima kwa jua. Palipokuwa na tundu au uzi uliolegea mwanga ulipenya, naye akanyoosha bakora yake: "Hapo, mpinzani! Hapo, umelala?" Wewe juu ya pipa, kipande cha mkaa mkononi, unatia alama, nusu ya mkaa iko usoni mwako. Marekani ya matanga ni kitambaa kizito, jua lipitalo humo halimdhuru mtu. Baba yake alipima hivyo, na babu yake alipima hivyo, na wote walikufa wakiona.

Na kukunja je? Alilikunja tanga kama kuti changa la mnazi kabla halijachanua, mkunjo juu ya mkunjo, ukivuta kamba moja linafunguka lote wala halikwami. Wavuvi walitoka Gazi mpaka Chale kwa ajili ya mkunjo ule. Yule mzungu wa hoteli ya Diani, aliyeshonewa vivuli vya turubai, alitaka afunzwe. Babu yako akamjibu, "Mkunjo siuzi. Ukiutaka, njoo uoe hapa." Mzungu akacheka, na wewe ukacheka. Wewe ulifunzwa bure.

Mwaka wa Uhuru alishona bendera mbili, moja ya shuleni kwenu na moja ya ofisi ya chifu, na zote mbili alizilaza juani akazipima. Nikamwambia, "Mzee, bendera haiendi kuvua." Akasema, "Itapigwa na upepo, au siyo?" Mwaka uliofuata wewe ukapata masomo yako, ukaenda. Alikusindikiza mpaka Likoni, akarudi akalala na viatu.

Kisha ikaja barua ile. Kwamba umeingia karakana ya watu wanaotaka kutengeneza chombo cha kwenda mbinguni kwa tanga, na tanga lenyewe litasukumwa na jua. Nikakutupia maneno, naam. Nilisema jua linaunguza, jua linakausha dagaa, limeanza lini kusukuma? Nikasema baridi imekuingia kichwani. Babu yako akaniambia nisome tena pale ulipoandika kwamba mwanga husukuma kidogo mno, lakini huko juu hakuna kinachouzuia, na hauchoki. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ni kama nyanya yake! Hana nguvu, lakini hachoki kusukuma."

Aliamini, Nassoro. Mji mzima ulikucheka, yeye aliamini.

Ukaandika kwamba wakubwa wako wameshindwa kulikunja. Tanga pana kuliko kiwanja cha mpira, nalo sharti liingie ndani ya sanduku, na likifika juu lifunguke bila mkono wa mtu. Ukaleta vipande vya karatasi ile, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Usiku alikesha nazo akilini, mchana akizikunja na kuzikunjua hapa barazani, mtu haruhusiwi kupita wala kupiga chafya. Mwezi wa tatu akakupelekea kipande kimoja kilichokunjwa kama kuti, ukajibu kwamba wakubwa wamevuta uzi, kikafunguka chote, wakapiga makofi. Siku hiyo alichinja kuku bila kuniuliza.

Ungekomea hapo! Lakini ukaleta rola, moja baada ya nyingine, ukisema atafute matundu yake, kwa kuwa hata tundu dogo kuliko punje ya mchanga linaharibu. Umemwambia babu yako atafute matundu. Wewe uliyesimama juu ya lile pipa miaka yote, ulidhani atayatafuta vipi?

Alizifunga kwenye minazi ile ile. Akalala chali. Saa sita ya mchana, siku baada ya siku, akilitazama jua kupitia kitu kile kisichozuia kitu. Akaniita nione. "Njoo, matundu yake ni kama nyota!" Nilikuwa nakuna nazi, nikamwambia sina nafasi ya nyota. Hiyo ndiyo salama ya macho yangu.

Hakuumwa. Hapo ndipo tulipopotea, macho hayakumuuma hata kidogo. Asubuhi moja nampa chai, ananitazama begani. Nikamuuliza umekosana na uso wangu? Akasema, "Nakuona masikio na ncha ya leso. Katikati pana kiza." Kila alipotazama, pale pale alipotaka kuona pana kiza, na pembeni pazima. Akitazama sindano, sindano haipo. Akitazama mlango, anaona kuta mbili.

Nilimpeleka Mombasa. Daktari akammulika kwa tochi, akauliza, "Mzee, ulilitazama jua?" Akajibu kwa hasira, "Mimi si mtoto. Nilitazama tanga."

Daktari akasema hakuna dawa.

Njiani kurudi akaniapisha nisikwambie. "Mpinzani wangu ataacha kazi. Mwandikie hatujambo." Nikaandika hatujambo. Barua tano, Nassoro, nimeandika hatujambo kwa mkono huu, yeye ameketi karibu yangu akinisikiliza kalamu. Hilo ni kosa langu, nalibeba, na nimelisema barazani pia. Lakini wewe hukuuliza. Katika barua zote zile umeuliza hali ya karatasi, hukuuliza hata mara moja hali ya macho.

Alikataa kukaa bure. Alishona kwa kupapasa. Juma, uliyemwacha hapa akijifunza kupiga nta uzi, sasa ni fundi kamili; yeye alimtungia sindano, na babu yako akashona tanga la mtu wa Gazi kwa vidole. Sindano ikamwingia chini ya ukucha wa gumba. Akanyonya damu, akaendelea. Siku ya nane taya zikakaza. Pepopunda. Mgongo ukapinda kama upinde, na kila mlango ulipolia alishtuka mwili mzima. Siku tatu. Asikudanganye mtu kwamba alikuachia maneno. Hakuweza kufungua kinywa hata kwa maji.

Sasa nimeitazama picha yako ya gazeti. Mwana wa binti yangu, umenenepa, suti imekukaa. Mmesimama wanne mbele ya tanga dogo la mfano, na mwalimu wa shule amenisomea maandishi ya kizungu ya chini: hawa ndio waliovumbua mkunjo. Majina manne. Nikamwambia asome tena, labda ameruka mstari. Hakuruka. Watu barazani walikuwa wakipiga vigelegele, "Mjukuu wako katoka gazetini!" mpaka nilipoanza kuwasomea barua hii. Juma alitoka nje, nikamkuta ameshika ule mnazi.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii usinijibu, fanya.

Rola zako tatu ziko chini ya kitanda changu, sanduku limefungwa, ufunguo uko kifuani. Juma hazigusi, na ukimwandikia kwa siri nitajua. Huko kwenu kuna vijana wengine wanaotafuta matundu. Waambie mtu yeyote asiinue karatasi ile mbele ya jua akaitazama. Waambie wewe mwenyewe, kwa mdomo, na uwaambie umejuaje.

Kisha nenda kwa wakubwa wako uwaambie mkunjo una mwenyewe, alizaliwa Msambweni, amezikwa Msambweni. Ndani ya bahasha hii utakuta sindano yake. Ndiyo, ndiyo hiyo hiyo. Nimeichemsha, usiiogope. Siku mtakayoshona tanga lenyewe la kwenda juu, chukua sindano hiyo ushone pembeni yake, kwa uzi, kwa mkono wako, jina lake, MBWANA HAMISI. Uliwahi kutuandikia kwamba tanga hilo hata uzito wa uzi una hesabu yake. Wakikwambia jina ni zito, punguza kitu kingine.

Mimi nyanya yako, niliyekufunza kushika kijiko