Miche ya Mama na Shimo la Angani

Jumanne, 18 Machi 2025
Mvua imeanza. Miche ya kahawa bado iko kwenye viriba — ile aliyootesha mama kabla hajatutoka. Nimemwambia baba tuanze kupanda. Kakataa! Eti ya nini, dunia inamezwa. Ni Salehe, yule wa soko la Pasua anayenunua ndizi zetu, kamwonyesha video kwenye simu. Katikati ya nyota zetu kuna shimo jeusi, halishibi, hata mwanga ukiingia hautoki. Kahawa inataka miaka mitatu, baba anasema. Nani atavuna?

Alhamisi, 20 Machi
Kilabuni wanamtania baba. Ebenezeri, maliza mbege, jioni tunamezwa! Akacheka na yeye. Lakini kata yake ya pombe hakuigusa. Nilikuwa pembeni, nikaona.
Kurudi kazungukia barabarani, kwenye tope lote lile, ili asipite migombani kwenye kaburi la mama.
Siyo shimo la Salehe hilo analolikwepa.

Jumamosi, 22 Machi
Mizizi imetoboa viriba. Nikajikaza, nikamfuata Pamela wa jirani, anafundisha fizikia sekondari. Jasho! Mimi niliishia la nne. Hakunicheka. Anasema shimo lipo kweli, ila mbali mno. Jua letu linalizunguka, na nyota kibao. Anayesogea karibu sana ndiye anamezwa. Halafu kasema hata jua lenyewe likigeuka shimo leo, uzito uleule, dunia haimezwi. Itakuwa giza, baridi — lakini itazunguka vilevile.
Nimekuja na hilo njia nzima.

Jumapili, 23 Machi
Tumetoka misa nikamwambia baba. Maneno yakagoma, nikaonyesha kwa kikombe na punje ya mahindi. Alikuwa anakatia ng'ombe mgomba. Panga likasimama.
— Jua limezimika, na bado inazunguka?
— Ndiyo, baba.
— Inazunguka nini sasa?
— Palepale jua lilipokuwa.
Ng'ombe analia njaa, hamsikii. Mara kauliza, mama yako alitaka mstari wa kahawa uanzie wapi?
Nikasema chini kule, kwenye ule mti wa mringaringa. Sikumalizia. Anajua ndipo tulipomzika.
Kachukua viriba viwili, katangulia. Kafika mgomba wa mwisho kabla ya kaburi, kasimama. Mvua yote inamwishia mgongoni. Naandika hapa mlangoni, jembe liko miguuni. Bado kasimama. Nimfuate ama nimwache?
Sasa kavua kofia —