Fungua, bila "naomba"

Mama, shikamoo. Moshi kuna baridi, na mlima umejifunika mawingu.

Leo mimi, binti yako karani wa ofisi, nilipewa kazi uwanjani ya kufunga kamba ambayo ndege nyingine huvutia angani ndege isiyo na injini. Rubani, Mzee Kirpal, hufungua kulabu ya ndege yake ukimwambia, nawe unatia pete ya kamba, kisha anaifunga. Nikasema, "Naomba ufungue, mzee." Kwa kelele za ndege ya kuvuta akasikia "ufunge", kulabu haikufunguka. Pete ilionekana imekaa, lakini nilipoivuta kuijaribu ikachomoka.

Mzee aliitazama ile pete. "Kamba ingeniachia nikiwa juu ya migomba ya watu. Binti, hapa usiniombe. Niamuru."

Usinilaumu, Mama. Kesho nitamfokea mtu wa umri wa babu. Upole wote nakuwekea wewe.

Mwanao, Neema